Ofisi Ilipohamia Sebuleni kwa Mama

Mteja wa ghorofa alipiga simu Jumatatu asubuhi, nondo za nguzo za juu zikiwa zimeshafungwa na mchanga umeshamwagwa getini. Alisema, "Mkandarasi, naomba tusimame kwanza." Mkandarasi akamuuliza, kwanza mpaka lini? Mteja akasema hata yeye angependa kujua.

Hivyo ndivyo kazi yao kubwa ya mwisho ilivyowaponyoka. Kabla ya hiyo walikuwa wamepoteza maduka manne, zahanati moja, na nyumba ya mwanasheria ambaye alighairi kwa barua nzuri sana, yenye nukta na mkato kila mahali. Mji mzima ulikuwa hivyo mwaka ule. Ukipita mitaani ulikuta nyumba zimekomea kwenye linta ya juu ya madirisha, nondo zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeshtuka, na majani yanaota mahali palipotakiwa kuwa jiko.

Walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja. Kaka alijenga, dada alichora. Kaka alianza kama fundi mwashi akapanda kwa mikono yake mwenyewe hadi akapata leseni ya ukandarasi. Dada alisomea usanifu wa majengo, akarudi na shahada na miwani. Walipofungua kampuni, miaka kumi na miwili nyuma, watu waliwaonya kwamba ndugu hawawezani kazini, watagombana. Na kweli waligombana, karibu kila wiki: upana wa ngazi, mahali pa kupitisha bomba, rangi ya mlango. Lakini waligombana kama watu wawili wanaosukuma gari lililozima, kila mmoja akimwambia mwenzake hasukumi sawasawa, na gari linakwenda.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa. Mwezi uliofuata waliirudisha kwa mwenyewe. Mafundi walikuwa wameshaagwa mmoja mmoja. Katibu aliomba mwenyewe kuondoka akajaribu ushonaji. Alilia mlangoni, akarudi kuchukua mwavuli aliousahau, akalia tena. Aliyebaki ni seremala mmoja tu, mzee mwembamba waliyemwita Milimita kwa sababu hakukubali ubao upungue wala uzidi. Walipomwambia naye akatafute maisha kwingine, aliwajibu kwamba maisha ameshayatafuta, ameyapata, na ndiyo haya. Kisha akauliza meza ya kuchorea inapelekwa wapi.

Meza ilipelekwa kwa mama yao.

Mama mtu alikuwa mjane na mstaafu, anakaa peke yake katika nyumba yenye sebule ndefu na makochi yaliyovalishwa vitambaa vyeupe. Miaka thelathini alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa. Kazi yake ilikuwa kuketi katika chumba kidogo, kupokea simu za watu wenye hofu, na kuwaunganisha na wodi. Sauti yake ilikuwa haijazeeka hata kidogo. Waliomsikia kwenye simu walidhani wanaongea na binti wa miaka ishirini.

Alitazama meza ikiingizwa, kompyuta, mabomba marefu ya kuhifadhia ramani, kofia ngumu za saiti. Aliuliza jambo moja tu.

"Na simu atapokea nani?"

"Sisi wenyewe, Mama," dada mtu akasema.

"Nyinyi? Kaka yako anapokea simu kama mtu aliyetukanwa. Wewe unapokea kama umeamshwa. Nipeni hapa."

Akaichukua simu ya kampuni, akaiweka juu ya stuli, juu ya kitambaa, na kando yake daftari jipya na kalamu mbili. Siku nne za kwanza simu haikulia. Mara mojamoja aliiinua na kuitazama kama mama anayemgusa mtoto paji la uso. Siku ya tano ililia, ikawa ni mtu aliyekosea namba. Aliongea naye robo saa nzima na kumshauri kuhusu kikohozi.

Juma la tatu, kaka mtu aliingia kuchukua nyundo akamkuta yuko kwenye simu.

"Sasa dada yangu," mama alikuwa anasema, "hicho chumba kipya unamjengea mumeo cha nini? ... Aha. Alipo sasa haoni nje. ... Na chumba alicholala kina kasoro nyingine? ... Hakina. Basi si ukitoboe dirisha? ... Eeh. Wanangu watakuja kesho saa tatu. Msalimie mgonjwa."

Alipokata simu, kaka mtu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama! Mtu anataka chumba! Chumba kizima, na msingi wake, na bati lake! Tungekaa saiti miezi miwili. Umekifanya kuwa tundu la ukutani!"

"Sijakifanya mimi. Nimemuuliza anataka nini, akaniambia. Nyinyi mnawauliza watu wanataka vyumba vingapi."

Nyuma ya kompyuta dada mtu aliuma midomo asicheke, ikashindikana.

Kesho yake walikwenda wote watatu, kaka, dada na Milimita. Mgonjwa alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Alikuwa amepooza upande mmoja, na maneno yake yalitoka polepole, moja moja, lakini yalitoka yakiwa kamili. Chumba chake kilikuwa na dirisha dogo juu kabisa, karibu na dari, la kuingiza hewa tu. Mkewe alisimama mlangoni akiwa ameshika taulo mkononi, akiwaangalia kama mtu anayeogopa kuambiwa haiwezekani.

Dada mtu alipima ukuta, akaandika. Akasimama, akatazama kitanda. Hakutosheka.

"Mwalimu, samahani sana," akasema. "Naomba nilale hapo pembeni yako kidogo. Nataka macho yangu yawe yalipo ya kwako."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Mkewe akaangua kicheko, cha kwanza tangu waingie. "Miaka arobaini na miwili nalala hapo, leo napinduliwa na mtu mwenye futi mkononi!"

Dada mtu alivua viatu akalala chali kwenye upande wa mke, kichwa kwenye mto. Aliona ukuta mtupu, waya wa taa, na kona ya dari yenye doa kubwa la maji, la rangi ya chai.

"Lile," mwalimu akasema taratibu, "ni ziwa. Kila mvua ikinyesha, linapanuka. Upande wa kusini lina visiwa viwili."

Msanifu alitafuta visiwa hadi akaviona. Alibaki amelala hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akamwambia kaka yake, bila kugeuza kichwa, "Pima kutoka sakafuni hadi jichoni kwangu." Ilikuwa sentimita sitini na mbili. Ukingo wa chini wa dirisha, akasema, usizidi hamsini, la sivyo ataona mawingu tu.

Kaka mtu aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akapanda darini kutazama mbao za paa zinaegemea wapi. Alishuka na utando wa buibui nyusini akasema inawezekana, ila lazima paa lishikiliwe kwa miti wakati linta mpya inamwagwa, na isiguswe mpaka ikauke. Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Milimita alitengeneza fremu na kuipima mara tano, kisha akaomba kwenda kuupima ukuta upya kwa sababu, alisema, ukuta hauaminiki kama mbao.

Siku ya kuvunja, walimfunika mwalimu kwa shuka asipate vumbi. Tofali la mwisho lilipotoka, mwanga uliingia ukakaa juu ya kitanda. Mkewe alifunua shuka. Mwalimu alitazama. Kulikuwa na bomba la maji, kamba ya nguo, njia ya kokoto inayokwenda barabarani, na watoto wawili wa shule wanaovutana mkoba. Alitazama hadi wakapotea.

"Kumbe jirani amepaka geti rangi," akasema.

Kaka mtu, mtu aliyewahi kusimamisha ghorofa sita bila kutikisika, aligeukia ukuta akaanza kuangalia pima maji iliyokuwa imelala chini, haipimi kitu.

Mke wa mwalimu alikuwa na shoga zake wanaokutana kliniki, wake na mabinti wa wagonjwa, na maneno yakatembea. Simu ikaanza kulia. Mmoja alitaka mlango upanuliwe upitishe kiti cha magurudumu. Mwingine alitaka vishikio msalani, mwingine benchi la kuogea, mwingine ngazi tatu za mbele zigeuzwe kuwa mteremko. Mama aliwapokea wote kwa sauti ile ile, akauliza mgonjwa anaamka saa ngapi, anaegemea mkono gani, anaogopa nini. Aliyaandika yote. Dada mtu aligundua kwamba akisoma daftari la mama yake kabla ya kwenda, nusu ya ramani inakuwa imeshajichora.

Zilikuwa kazi ndogo, za siku mbili, siku tano. Ziliwafanya wasizame, lakini hawakuwa nchi kavu. Na kila mmoja alizibeba kivyake. Dada alizipenda, na alikuwa na aibu ya kuzipenda kiasi kile wakati kaka yake anazidi kukonda. Kaka alizifanya kwa uaminifu, kila skrubu mahali pake, lakini jioni alirudi kwake kwa mkewe na watoto watatu akiwa kimya. Chai ya mama sasa aliinywa amesimama. Ukimuuliza ana nini, anasema hana kitu, amechoka tu.

Hapo katikati simu moja ililia asubuhi ambayo hao wawili walikuwa saiti. Mpigaji alitoka kampuni kubwa inayojenga hospitali katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Walihitaji msimamizi wa mafundi. Walimtaja kaka mtu. Walisema nafasi inamsubiri hadi Ijumaa.

"Nitamfikishia," mama alisema. Akaandika jina la kampuni na namba, vizuri, kwenye mstari wake. Kisha akafunga daftari.

Kaka alirudi mchana, mama akampa chai. Hakusema kitu. Kesho yake hakusema. Jumatano mpigaji alipiga tena, na mama akasema atamfikishia.

Alhamisi kaka mtu alikuwa anabadilisha bawaba za mlango wa jikoni kwa mama, kazi aliyojipa mwenyewe kwa kuwa siku ile hakukuwa na nyingine. Mama alikuja akaketi kwenye kiti cha jikoni.

"Baba," akamwita, kama alivyomwita tangu mdogo. "Acha hiyo kwanza. Kuna simu yako. Ilipigwa Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi, Mama."

"Najua leo ni siku gani." Akamweleza yote, kampuni, hospitali, Ijumaa. Hakujitetea mpaka alipomaliza. "Miaka thelathini sikupoteza ujumbe hata mmoja. Watu walizaliwa nikafikisha. Watu walikufa, usiku wa manane, nikafikisha. Huu wako umenishinda. Nilikuwa nafungua mdomo, nakusikia na dada yako mnabishana pale sebuleni, naufunga. Nyumba hii ilikuwa imenyamaza sana, mwanangu, tangu baba yenu aondoke."

Kaka mtu aliweka bisibisi juu ya meza polepole sana.

"Hilo halikuwa lako kuamua, Mama."

"Halikuwa."

"Nina watoto."

"Najua. Nimewapakata mimi."

Akatoka nje bila kuufunga mlango, kwa sababu haukuwa na bawaba. Aliketi juu ya rundo la matofali yaliyobaki kwenye kazi za watu. Dada yake, ambaye kuta za nyumba ile hazikumficha neno, alimfuata akaketi pembeni yake.

"Usimkasirikie sana," dada akasema.

"Nimekasirika. Lakini si hilo tu." Alikuwa anaokota vipande vya saruji kavu kwenye tofali, anavitupa kimoja kimoja. "Hawakunipigia wenyewe tu. Mimi ndiye niliyeomba. Mwezi na nusu umepita. Namba niliyoweka ni ya kampuni, sikuwa na akili hata ya kuweka yangu."

Dada mtu alimtazama. "Ulinificha."

"Nilisema wasiponiita nitakuwa nimekuumiza bure."

"Na wakikuita?"

"Hapo sikuwa nimefika."

Ilimuuma, na hakuificha. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa, akaivua tena. Alifikiria ngazi, mabomba na rangi za miaka kumi na miwili. Alifikiria pia chai inayonywewa wima.

"Kaka, nenda," akasema.

"Na kampuni?"

"Kampuni ina mimi. Ina Milimita. Ina huyo mama mwenye kuficha simu."

"Hujawahi kumwaga zege, mdogo wangu. Unalichora tu."

"Basi nitakupigia unifokee kwa simu. Umezoea." Kaka yake akamvuta kichwa hadi begani kwake, mkono wake ukiwa mzito na wenye vumbi, na wakakaa hivyo kama walivyokuwa wakikaa utotoni baada ya kuchapwa wote wawili kwa kosa la mmoja.

Walipoingia ndani, mama alikuwa bado jikoni, daftari magotini. Kaka mtu alichuchumaa mbele yake.

"Nipe namba, Mama."

Hakufungua daftari. Aliitaja kwa moyo, tarakimu baada ya tarakimu; ilikuwa haijamtoka kichwani tangu Jumatatu. Mwanawe alipiga palepale, na wakati anaongea alishika kidole cha mama yake, kile kimoja tu, hakukiachia mpaka mwisho. Nafasi ilikuwepo.

Aliondoka Jumapili na begi moja na kofia yake ngumu.

Miezi ile haikuwa rahisi. Dada mtu alinunua buti. Fundi mwashi wa kwanza aliyemkodi alimwita "bosi" kwa kejeli, na siku ya tatu akamwita "bosi" bila kejeli, baada ya dada mtu kumwambia zege lake lina maji mengi na kumlazimisha alichanganye upya. Siku nyingine alikosea yeye. Alimwaga mteremko kwenye nyumba ya mzee mmoja, ukapasuka katikati, akauvunja wote na kuumwaga tena bila kumdai mwenye nyumba, na siku ile alirudi hana hamu hata ya kuvua buti. Mama alimwekea maji ya moto kwenye beseni. Hakumpa ushauri. Kila jioni kabla ya giza kaka alipiga simu, na mama aliongea naye kwanza yeye mwenyewe, watoto hawajambo, mkeo alipita jana, unakula?, ndipo akaipitisha simu mezani.

Tangu siku ile ya jikoni, ujumbe wowote ukija mama aliusoma kwa sauti mbele ya wote, hata wa wauza rangi.

Mji haukupona haraka. Ghorofa la yule mteja lilibaki na nguzo zake wazi. Lakini hospitali moja ndogo iliyosikia habari za milango na vishikio iliwaita wapange upya wodi yake ya wazee, vitanda kumi na vinne. Dada mtu alilala kwenye vyote kumi na vinne, kimoja kimoja, na wauguzi wakajua wamepata mtu wa namna gani.

Mwezi wa nane kaka mtu alipewa likizo fupi. Hakusema siku atakayofika. Alishuka basini Jumamosi asubuhi, akauliza nyumbani, akaambiwa wako saiti, akaenda moja kwa moja na begi lake. Alisimama getini. Dada yake alikuwa katikati ya mafundi wanne, suruali imejaa saruji hadi magotini, anaelekeza toroli. Sauti yake ilikuwa tulivu na ya kusikika. Kaka alitazama kazi: fomu za mbao za kumwagia zege zimekaa sawa, nondo zimeinuliwa kutoka ardhini inavyotakiwa. Alitafuta kosa kwa mazoea, akalikosa.

Milimita ndiye aliyemwona kwanza. Alimpungia kwa msumeno.

Dada akageuka. Alitamani kukimbia amkumbatie, lakini toroli lilikuwa limeshafika na zege halingoji mtu.

"Kaka! Mvua hiyo inakuja, na mtu wangu mmoja hakutokea leo!"

"Nianzie wapi?"

"Chukua koleo, usaidie pale mwisho. Umfuate huyu, ndiye anayejua kina."

Mtu aliyejenga kwa miaka ishirini alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaenda kumfuata aliyeambiwa amfuate. Walimaliza saa nane, matone ya kwanza yakidondoka, wakafunika zege kwa maturubai. Wakati wananawa kwenye ndoo moja kaka alimwambia kwamba mkataba wake unakwisha baada ya wiki sita, wamemwomba aendelee, naye amewaambia hapana.

"Sitaki urudi kwa kunionea huruma," dada akasema.

"Huruma gani? Nimekuona. Narudi kwa sababu nataka kufanya kazi na wewe."

Dada mtu aliendelea kusugua kucha zilizokuwa zimeshatakata.

Nyumbani, mama aliwapokea mlangoni, akamshika mwanawe uso kwa viganja vyote viwili, akamgeuza kushoto na kulia akimkagua. Akaenda kuleta chai. Aliporudi na sinia, kaka mtu alikuwa ameketi kwenye kochi la vitambaa vyeupe, kichwa nyuma, amepitiwa na usingizi na viatu vya saiti miguuni.

Dada akainuka kumwamsha. Mama akamzuia kwa mkono. Aliweka sinia chini, akajishikilia kwenye mkono wa kochi, akateremka hadi sakafuni, na akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia, taratibu, maana zilikuwa zimekauka kwa saruji.